Baba Yetu, Mzee Ufagio, na Sehemu Ambayo Haikuchapwa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliofanya kazi na baba yetu, asanteni kwa kuacha shughuli zenu mje kumsindikiza. Naomba niseme mapema kwamba karatasi mliyo nayo mikononi na hii ninayosoma hazifanani. Yangu imezidi sehemu moja. Mdogo wangu, aliyepeleka karatasi kwa mchapaji, aliikata sehemu hiyo, na simlaumu. Aliniambia, "Dada, siku ya mazishi si siku ya kesi." Nilimjibu kwamba nimeahidi. Sina majonzi peke yake. Ninaogopa.

Sehemu iliyozidi inahusu tarehe 9 Machi 2016, siku chombo kilipolipuka kwenye maabara ya baba. Inamhusu mtu ambaye tangu asubuhi amekuwa akiwapangieni viti hapa. Fundi, nakuomba uketi. Kuna jambo umeliamini kuhusu siku ile kwa miaka minane, nalo si kweli, na baba aliniachia mimi nikuambie. Nimeliweka mahali pake katika mpangilio wa miaka yake, kwa sababu nisipopita njia ndefu sitafika.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1956, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha rangi. Babu alikuwa mchanganyaji rangi, na kila jioni alirudi mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Weupe ule ulikuwa unga wa dioksidi ya titani, ambao hadi leo ndio unaoipa rangi ya ukutani weupe wake. Bibi alimsimamisha mlangoni, akamkung'uta kwa taulo. Baba alijificha nyuma ya pipa la maji wakati huo wote, kwa sababu mpaka alipofikisha miaka minne hakukubali kwamba yule mtu mweupe ni baba yake hadi anawe uso. Shangazi yetu, ambaye yupo hapa, anasema hapakuwa na kitu kaka yake hakukiogopa. Aliogopa radi, kinyozi, mbwa waliofungwa na mbwa waliokuwa wamekufa.

Ukuta wa nyumba ile ulipakwa rangi ya bure kutoka kiwandani, na kila baada ya miaka michache, upande unaopigwa na jua, rangi iligeuka vumbi. Ukiupapasa, kiganja kinakuwa kama cha mwalimu mwenye chaki. Babu alimweleza kwamba unga ule ukipata mwanga huanza fujo, unaitafuna rangi inayoushika, na kwamba kiwandani walikesha wakitafuta namna ya kuutuliza. Baba yeye alikuja kula mshahara kwa miaka thelathini na minne kwa kazi ya kuuchochea ufanye fujo zaidi. Babu alilicheka jambo hilo mpaka siku alipofariki.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na sekondari mwaka 1971. Mwaka 1972, mwalimu wake wa kemia alijaza haidrojeni kwenye mrija wa kioo, akasogeza njiti yenye moto mdomoni mwa mrija. Ulitoka mlio kama wa kizibo. Darasa lilicheka, kisha likacheka zaidi kwa kuwa baba alikuwa ameingia chini ya dawati. Mwalimu hakumtania. Alimngoja atoke, akamwita mbele, akamwonyesha ukungu uliotanda ndani ya mrija. "Unaona? Imeungua, imekuwa maji," alimwambia. Baba akauliza kama maji yanaweza kurudishwa yawe gesi ile tena. Mwalimu akasema yanaweza, ila ni kazi ngumu. Hapo ndipo alipoipata kazi yake, na aliipata akiwa na hofu.

Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1980 na ya uzamivu mwaka 1988. Tarehe 1 Februari 1985 alikuwa ameajiriwa katika idara ya kemia ya chuo, akapewa chumba cha mwisho kwenye ukumbi wa chini, chenye madirisha mawili na sinki moja lililovuja. Alistaafu akiwa chumba hichohicho, mwaka 2019.

Wengi mtasikia leo kwa mara ya kwanza alikuwa akifanya nini mle ndani. Alitia unga mweupe kwenye maji, akaumulika, na kungoja mapovu. Mwanga ukiipiga chembe ya unga, unaamsha chaji mbili ndani yake, moja ya kutoa haidrojeni kwenye maji na nyingine ya kutoa oksijeni. Shida ni kwamba chaji hizo mbili hupendana kupita kiasi. Nyingi hurudiana kabla hazijafanya kazi yoyote, na mwanga wote unaishia kuwa joto. Shida ya pili ni kwamba unga ule huchagua sana. Unakula mionzi ya urujuanimno tu, ambayo ni sehemu ndogo mno ya jua, na mwanga wote mwingine unauacha kama mtoto anayechagua nyama kwenye sahani. Baba aliuoka unga ndani ya haidrojeni mpaka ukawa wa kijivu, ili uweze kula mwanga zaidi. Kisha akaupachika vipunje vya platinamu, ili chaji moja ivutwe kando kabla haijamrudia mwenzake. Alikuwa anataka siku moja watu wapate moto wa kupikia kutoka kwenye maji na jua. Alilisema hivyohivyo, bila mbwembwe, kama mtu anayesema anataka kununua kabati.

Na aliiogopa gesi aliyokuwa akiitafuta. Mchana, moto wa haidrojeni karibu hauonekani. Unaweza kutembea ukauingia kabla hujajua upo. Kwa hiyo kila asubuhi alipofungua chumba alitangulia na ufagio wa nyasi mbele yake, akiupitisha polepole kando ya bomba la mtungi wa haidrojeni, kwa sababu ufagio ukishika moto ni afadhali kuliko uso. Wanafunzi walimwita Mzee Ufagio. Alilijua jina hilo, akalipenda.

Fundi alikuja maabara mwaka 1994. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyeunga vioo, aliyepima gesi, na aliyemwambia baba ukweli alipotaka kusikia kitu kingine. Siku ya kwanza alipouona ule ufagio alimuuliza, "Mzee, mimi ndiye nifagie au tunafukuza mashetani?" Baba akamjibu, "Vyote viwili." Walielewana tangu hapo. Sisi watoto tuliambiwa tumwite shangazi, lakini jina la Fundi ndilo lililoshika.

Wao wawili ndio walioanzisha utaratibu ambao kila aliyepita maabara ile anaukumbuka. Mkono ukifunga valvu, mdomo lazima useme kwa sauti, "Nimefunga." Na mwenzako popote alipo chumbani lazima ajibu, "Nimesikia." Usipojibiwa, unarudi kufunga upya. Wageni walicheka. Baada ya wiki moja walikuwa wakisema hivyo hata wakifunga milango ya vyoo. Baba aliuamini utaratibu ule kuliko alivyoamini vyombo. Alisema chuma kinaweza kukwama lakini watu wawili hawawezi kusahau kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Alifunga ndoa na mama yetu, karani wa masjala ya ardhi, tarehe 17 Desemba 1983. Habari za uchumba wao mama amekubali nizisimulie. Baba alikwenda kwao kujieleza mbele ya wazee. Alipopita jikoni kusalimia, akasikia harufu ya gesi au akadhani ameisikia. Akaomba sabuni na maji, akapiga magoti na suti yake mpya, akaanza kupaka povu kwenye mpira wa mtungi akitafuta mapovu, huku wazee wakingoja sebuleni. Mama alimsimamia akamwambia, "Ungeniposa mimi kwanza. Mtungi ungengoja." Povu lilikuwa limetoa mapovu kweli. Babu mzaa mama alisema mtu mwoga kiasi hiki hatamwachia binti yake aungue, akakubali. Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1985 na mdogo wangu mwaka 1989, na katika nyumba yetu hapakupikwa chakula hata siku moja kabla ya mpira kupakwa sabuni.

Sasa nafika.

Hii ndiyo sehemu ambayo haimo kwenye karatasi zenu. Nitaisoma kama baba alivyonieleza, tarehe 11 Desemba mwaka jana, saa nane mchana, mama akiwa amekwenda duka la dawa. Alinishika kifundo cha mkono akasema, "Funga mlango, mwanangu, kabla sijabadili nia."

Jumatano ya tarehe 9 Machi 2016 walikuwa wakipima unga mpya. Ndani ya chombo cha kioo hewa ilikuwa imenyonywa karibu yote, maji na unga vikizunguka chini, taa ikiwaka juu. Chombo cha namna hiyo, ukiacha valvu wazi, kinavuta hewa ya chumbani chenyewe, na haidrojeni ikishachanganyika na hewa ni bomu dogo linalongoja. Na pale halikuhitaji kiberiti. Unga wenye platinamu ulikuwa umerukia juu ya kioo ukakauka, na platinamu kavu inatosha kuwasha mchanganyiko ule.

Saa tatu kamili Fundi alifunga valvu. Akasema, "Nimefunga." Baba, aliyekuwa kwenye sinki, akajibu, "Nimesikia."

Saa tano kasorobo Fundi alitoka kwenda kunywa chai. Saa tano na dakika tano baba, akiwa peke yake, alishindwa kungoja. Alifungua valvu, akavuta gesi kidogo kwa sirinji, akaipima. Namba iliyotoka ilikuwa mara tatu ya namba yoyote aliyowahi kuiona. Akaiandika daftarini, kisha akakimbilia ofisini kutafuta daftari la zamani alinganishe. Valvu hakuifunga. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amefunga, wala wa kujibu, kwa hiyo mdomo wake haukumkumbusha mkono wake. Yeye aliyepaka sabuni mipira ya watu wasiomjua.

Saa tano na robo Fundi alirudi. Akainama kusoma geji.

Baba alisikia akiwa ofisini. Alisema haukuwa mlio mkubwa. Alichokisikia baadaye ndicho kilichomtia baridi, maji yakidondoka kutoka mezani, na Fundi akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, taa imezimika?" Taa ilikuwa inawaka. Alikuwa amesimama wima, mikono ameiweka mbali na uso kama mtu aliyeshika kitu cha moto, na unga wa kijivu uliojaa usoni ulikuwa unapigwa mistari na damu. Baba alitaka kumkimbilia na miguu ikakataa. Alisimama mlangoni. Hakujua ni kwa muda gani. Aliyemtoa Fundi ni mhadhiri wa chumba cha jirani.

Jicho la kushoto halikupona. La kulia lilipona.

Kamati ya usalama ilikaa tarehe 23 Machi. Valvu ilikutwa wazi, na aliyepaswa kuifunga ni Fundi. Walimuuliza. Alisema, "Nakumbuka nilisema nimefunga. Ila kila siku huwa nasema hivyo. Pengine nakumbuka siku nyingine." Wakamgeukia baba. Wakamuuliza kama alimsikia Fundi akisema amefunga.

Baba akasema, "Sikumbuki."

Neno moja tu. Aliniambia alipoingia chumba kile alikuwa amekusudia kusema kweli, na ukurasa wa daftari wenye saa na namba ulikuwa ndani ya mfuko wa koti lake, ameuchana asubuhi ile ili autoe mwenyewe. Ila aliwaona watu saba wakimtazama, mkuu wa kitivo akiwa ameshika kalamu, na akawa yule mtoto wa chini ya dawati. Alidhani atasema kesho yake. Kamati ikaandika kwamba ni uzembe wa fundi wa maabara. Fundi akahamishiwa stoo ya vifaa, akakaa kule miaka mitano akihesabu chupa, mpaka alipostaafu.

Sitampamba. Kwa miaka yote nilidhani baba yangu anaiogopa haidrojeni kuliko kitu chochote duniani. Kumbe aliogopa zaidi kuonekana amekosea, na hofu hiyo hakuitangulizia ufagio.

Namba ile haikurudi tena. Alirudia jaribio lile kwa miaka miwili, mara mia na kitu, unga uleule na taa ileile, haikurudi. Mwaka 2018 aligundua kwa nini. Ile sumaku ndogo ya kukorogea inayozunguka chini ya chombo ilikuwa imetumika kwa kazi nyingine kabla, na platinamu ya kazi hiyo ilikuwa imenasa kwenye ganda lake, sabuni haiitoi. Kumbe si unga uliofanya kazi ile, ni uchafu wa sumaku. Aliandika makala akakiri mbele ya dunia nzima kwamba namba yake ya 2016 ilikuwa kosa, akawaonya wengine watupe sumaku zao kuukuu. Alipongezwa. Chuoni walimfanyia hafla, mkuu wa idara akasema ni mfano wa uaminifu kwa vijana. Fundi alikuja kutoka stoo akampigia makofi. Baba aliniambia alikwenda chooni akatapika.

Kwa hiyo jicho lilipotea kwa ajili ya namba ambayo haikuwa kweli. Hilo ndilo lililomtafuna. Wale mnaokumbuka kwamba baada ya kustaafu aliacha kutoka nyumbani, aliacha kupokea wanafunzi wake wa zamani, mkadhani ni uzee, haukuwa uzee. Alisema kila Fundi alipomgeukia, ilibidi ageuze kichwa chote ili amwone, na kila kichwa kile kilipogeuka yeye aliinamisha macho.

Mapema mwaka jana baba alianza kukonda na kulalamika mgongo. Tarehe 6 Julai aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, ikiwa imekwishasambaa. Daktari alimpa miezi sita, akaishi saba na siku kadhaa. Mama alimuuguza kwa mikono yake, mdogo wangu akawa anamgeuza asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mimi, ambaye kazi yangu ni kupima viwanja, niliomba likizo nikahamia chumba chake.

Fundi alikuja kila Alhamisi. Alileta uji kwenye chupa ya chai, akamlisha kijiko kwa kijiko, akamsimulia habari za zamani za stoo na nani alivunja nini. Baada ya lile la tarehe 11 Desemba nilimwambia baba, "Mwambie mwenyewe. Alhamisi anakuja." Akasema atamwambia. Alhamisi ile Fundi alipoingia, baba alijifanya amelala. Alhamisi iliyofuata alifumba tena macho. Ya tatu aliyafumbua, akafungua mdomo, akaomba maji.

Alhamisi ya tarehe 18 Januari, Fundi aliweka kijiko chini. Nitasema maneno yake kama alivyoyasema, anisamehe. Alisema, "Mzee, nilikuharibia maabara yako. Ungekuwa umefika mbali. Na hujanilaumu hata siku moja. Nimekuwa nataka kukuomba radhi, sijui nianzie wapi." Baba aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Fundi akadhani ni maumivu, akamfunika vizuri.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama kando ya meza nikimimina chai. Nilikuwa najua kila kitu, nina ukurasa ule alionikabidhi kwenye mkoba wangu, na nilimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani, nikamuuliza Fundi anataka sukari vijiko vingapi. Niliogopa baba asije akaaibika kitandani. Niliogopa mama asije akajua. Niliogopa Fundi akikasirika atakuwa na haki. Damu ni damu. Nimejaribu kutafuta tofauti kati ya kimya changu siku ile na neno la baba mbele ya kamati, na sijaiona.

Jana asubuhi nilimwambia mama. Alikuwa anakunja mashati ya baba. Sikujua atafanya nini. Alimaliza kukunja shati alilokuwa nalo, akaliweka juu ya mengine, akasema, "Miaka minane nimelala na mtu anayesema usingizini kwamba amesikia. Nikimuuliza umesikia nini, ananiambia lala." Kisha akaniambia, "Soma. Na usiruke neno." Ndiyo maana nasoma.

Baba yetu alifariki Jumamosi tarehe 24 Februari 2024, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, nyumbani, kwenye kitanda chake. Karatasi mliyo nayo inasema alifariki kwa amani. Mdogo wangu aliandika hivyo kwa upendo, nami natamani ingekuwa kweli. Alifariki akiogopa. Siku mbili kabla alikuwa bado anazungumza, na ilikuwa Alhamisi. Aliniambia, "Leo nitamwambia." Fundi alikuja saa kumi. Baba alimshika mkono, akamtazama, akasema, "Fundi." Akasema tena, "Fundi." Fundi akamjibu, "Nipo, Mzee." Tukangoja. Midomo yake ilikuwa inatembea na jasho jembamba linamtoka, na sauti haikuja. Usiku ule alikata kauli. Sijui kama ni ugonjwa uliomnyima sauti au ni ule mlango wa mwaka 2016 ambapo alikuwa bado amesimama. Nilimwahidi sikioni kwamba nitasema mimi. Alinifinya kidole. Nataka kuamini alinisikia.

Leo asubuhi nimemkabidhi mkuu wa idara, aliyeketi safu ya pili, nakala ya ukurasa wa daftari wenye saa ile kwa mwandiko wa baba, pamoja na barua niliyoitia saini mimi na mama. Nimeomba kamati iandike upya ilichoandika. Mdogo wangu amesoma barua ile muda mfupi kabla hatujaanza. Hakusaini, lakini ndiye aliyeibeba mpaka kwa mkuu wa idara, na nawaomba mlijue hilo.

Wanafunzi wa baba mliopo hapa, najua baadhi yenu mngali mnaendelea na unga ule, na kwamba sasa unakula mwanga zaidi kuliko enzi zake. Endeleeni. Kazi ile ilikuwa njema. Msiniulize leo kama aliyeifanya alikuwa mwema, kwa sababu nampenda na bado sijui jibu.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na dada mmoja. Ndivyo ilivyochapwa. Kwenye karatasi yangu kuna mtu mmoja zaidi, na kwa kuwa nimeona watu wakigeuka kumtafuta, namwomba kila mtu atazame mbele.

Fundi, hukumharibia mtu maabara. Saa tatu ulifunga, ukasema umefunga, na alisikia. Jicho lako lilikwenda kwa kosa la baba yangu. Miaka minane ya kujilaumu ilikwenda kwa woga wake. Alhamisi kumi na moja za mwisho zilikwenda kwa woga wangu mimi, na hizo sina wa kumsingizia. Sikuombi utusamehe hapa, mbele ya watu, ambapo ni vigumu mtu kukataa. Nikimaliza nitashuka nije ulipokaa. Nitapita upande wako wa kulia, ili unione nikija, na ukitaka kuinuka uondoke kabla sijafika utakuwa na nafasi.

Tumwombee baba yetu apate pumziko. Lakini kwanza, Fundi, pumzika wewe.